Kipande cha Katikati

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mall ile ya upande wa Kensington, Johannesburg, hujaa watu mpaka wanakanyagana visigino. Siku kama hiyo ndiyo Méthode alimkuta mwanamke akimpima shujaa kiuno.

Shujaa mwenyewe alikuwa wa boksi gumu, mrefu kupita mlango, amesimamishwa mbele ya sinema kutangaza filamu mpya. Kinyago cha kijivu kilimfunika uso mzima, kifua kimetuna, joho jekundu linapepea bila upepo. Watoto walikuwa na jina lake la Kiingereza. Méthode, mlinzi wa mlango wa sinema, alimwita Ngome, kwa sababu kwenye filamu kila kilichoanguka mjini kilimwangukia yeye na hakubomoka.

Mwanamke alikuwa amevua viatu na kupanda juu ya kiti cha plastiki. Gauni la kitenge cha njano lilimkaa kama alizaliwa nalo, pini zimejaa mdomoni, na futi ya kushonea ameinyoosha kutoka bega la Ngome kwenda chini. Méthode alimwambia ashuke, kwa Kiingereza cha kazini. Mwanamke hakugeuka. Alinung'unika peke yake, "Na huyu naye katokea wapi na kofia yake kama sufuria?"

"Sufuria hii ndiyo inayonilisha, dada," Méthode akajibu kwa Kiswahili. "Shuka kabla meneja hajakuona."

Nusura ameze pini. Akazitema kiganjani, akageuka. "Ee! Weye wa wapi?"

"Buyenzi, Bujumbura."

"Miye wa Uvira. Tumekunywa maji ya ziwa moja, halafu unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Nakukamata."

"Kwa kosa gani?"

"Kumshika mwanaume wa watu kiuno mbele ya kadamnasi."

Alicheka mpaka kiti kikayumba, na Méthode akamshika mkono asianguke. Jina lake lilikuwa Orpha. Alikuwa fundi cherehani, ana chumba cha kushonea kwenye barabara kubwa ya Kensington, na mteja mmoja alitaka nguo ya Ngome kwa ajili ya sherehe ya mwanawe. "Sijui joho linaanzia begani ama shingoni," alisema. "Ukikosea hapo, mtoto anaonekana ametoka kuoga na taulo."

Méthode alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaishika ncha ya futi. "Pima haraka," alisema. Meneja angemwona, angemfukuza kazi. Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, wawili wamesimama miguuni pa mtu wa boksi, mmoja anapima, mwingine analinda.

Kazi ya mlinzi wa sinema haina kukaa. Filamu ikianza, Méthode aliingia kuwatoa waliojipenyeza bila tiketi. Ikikaribia kwisha, aliingia tena kufungua milango. Katikati alikuwa nje, anachana tiketi za ukumbi mwingine. Kwa hiyo aliiona filamu ya Ngome mara nyingi kuliko mtu yeyote Johannesburg, na hakuwahi kuiona nzima. Lishike hilo, kwa sababu ndilo lililomponza.

Jumapili aliwafundisha watoto wa kanisa lao la Wakongo na Warundi, katika ukumbi ambao zamani ulikuwa gereji ya magari. Watoto wale walizaliwa hapa. Kiswahili walikisikia lakini walijibu kwa Kizulu na Kiingereza, na Pasta Pacifique alipohubiri walilala kama wamepigwa sindano. Méthode aliwaamsha kwa filamu.

"Ngome analibeba daraja mgongoni," alisema, ameinama kweli, mishipa ya shingo imemtoka. "Magari yanapita juu yake. Watu wanashuka salama, wanakwenda nyumbani kula. Nani anamwambia asante?"

"Hakuna, anko!"

"Kwa nini?"

"Hawajui ni yeye!"

"Hawajui ni yeye. Mchana ni mfagiaji, wanamtukana. Sasa fungueni Mathayo sita. Ukitoa sadaka, mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Nani amevaa kinyago hapo?"

"Mkono wa kulia!" walipiga kelele, na hata mzee wa kanisa aliyekaa mlangoni kuchunguza alitabasamu.

Orpha alianza kusali hapo hapo. Alisema amekuja kwa ajili ya Neno, na ni kweli, ila alilisikiliza Neno huku akimwangalia mwalimu. Baada ya muda simu zao zilikuwa hivi:

"Mlinzi."

"Fundi wangu."

"Umekula?"

"Nimekula bisi."

"Bisi si chakula, ni kelele. Jumapili njoo, kuna sombe na ndagala."

"Utanifanya nishindwe kuvaa yunifomu."

"Niko na cherehani, chéri. Nitaipanua."

Lakini mwanamke huyu alikuwa na donda. Juu ya cherehani yake alibandika picha ya kaka yake, Marcellin, mwanaume wa meno meupe amesimama mbele ya spaza yake, duka dogo la mtaani kule Diepsloot, mikono kiunoni kama waziri. Marcellin ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa, ndiye aliyemleta nchi hii. Kisha siku moja watu walivamia maduka ya wageni, spaza ikavunjwa, ikabebwa mpaka mlango. Tangu siku hiyo simu ya Marcellin haikupatikana. Orpha alimtafuta polisi, akamtafuta hospitali, akaenda mpaka vyumba vya maiti, akafunuliwa nyuso za watu asiowajua. Kila Jumapili alisimama na nakala ya picha ile mkononi, akaomba kanisa limwombee. Kila Jumapili aliketi analia.

Na Méthode alimpata.

Alimpata kwenye robot, pale magari yanaposubiri taa karibu na mall. Mtu mmoja mchafu, kofia ya sweta imemfunika mpaka puani, alimnyooshea mkono. Alicheka kwa aibu, meno yakaonekana. Mengine yalikuwa yameoza, lakini Méthode alikuwa amekaa chini ya picha ile mara nyingi mno asiweze kukosea.

"Marcellin," alisema.

Yule mtu alitaka kukimbia, miguu ikakataa. Nyaope, ule unga wanaovuta vijana wa mitaani, ulikuwa umemla mpaka mifupa. Alipojua kwamba mbele yake kuna mchumba wa Orpha, alipiga magoti barabarani.

"Usimwambie, shemeji. Mungu wako mbinguni, usimwambie. Aniomboleze tu nikiwa bado mtu machoni pake. Ukimwambia, nitapotea, na safari hii hakuna atakayeniona."

Méthode aliapa. Kila Jumatano, siku yake ya mapumziko, alipanda taxi kwenda Diepsloot, kwenye kibanda cha mabati alimokuwa akirudi kulala Marcellin. Alimwogesha, akamlisha, akamsomea Zaburi, akamshika alipotetemeka. Pole pole mtu yule alianza kupunguza kuvuta.

Sasa tusidanganyane. Kuapa kulikuwa sababu, lakini hakukuwa sababu yote. Méthode alipenda kuwa mtu yule. Alirudi Kensington jioni amechoka, akamkuta Orpha anatazama picha, akafikiri moyoni: hajui, na mimi ndiye ninayebeba daraja. Akamshika mkono, wakamwombea Marcellin pamoja. "Bwana, popote alipo, mlinde," aliomba kwa sauti, na popote alikuwa anapajua mpaka rangi ya mlango.

Posa ilikwenda, ikapokelewa. Kanisani kwao ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na kila mara mchungaji huuliza kama kuna mwenye neno. Ya kwanza ilipita kwa vigelegele. Ya pili ilipita. Ya tatu, kabla Pasta Pacifique hajafungua mdomo, alisimama Mama Annick, mkubwa wa akina mama, anayetembeza vitenge Diepsloot. Kilemba chake cha bluu kilikuwa kimepanda kama mnara.

"Pasta, miye niko na neno. Huyu kaka nimemwona Diepsloot, Jumatano, na si mara moja. Amebeba besheni mpya, sabuni ya kipande na chupa ya uji wa moto. Ameingia kwenye kibanda, amefunga mlango. Wamama, nisaidieni. Besheni, sabuni na uji hupelekewa nani?"

Upande wa wanawake uliguna wote kwa pamoja. Hapakuwa na mama pale asiyejua. Vitu hivyo hupelekewa mwanamke aliyetoka kujifungua.

"Kaka Méthode," Pasta alisema taratibu, "kuna mtoto Diepsloot?"

"Hapana, Pasta."

"Basi kuna nani?"

Méthode alimtazama Orpha. Alikuwa amevaa nyeupe, amejishonea mwenyewe kwa siku hiyo, na uso wake ulikuwa unamwomba kitu kimoja tu: aseme.

"Siwezi kusema," alijibu.

Jambo baya kuliko yote ni kwamba ndani ya aibu ile palikuwa na utamu. Watu walimgunia, na yeye alisimama wima kama mfagiaji wa kwenye filamu, anatukanwa huku mgongo umebeba daraja. Alijiona amefanana na Bwana, aliyenyamaza mbele ya Pilato. Hakuona kwamba aliyesulubiwa pale alikuwa Orpha.

Tangazo la tatu halikusomwa. Méthode aliwekwa chini ya nidhamu. Hakushiriki meza ya Bwana, hakufundisha watoto, na mahali pake pakawa benchi la nyuma kabisa upande wa wanaume, lile ambalo kila anayeingia lazima alipite na kuliangalia. Jioni hiyo simu ililia.

"Niambie mwenyewe," Orpha alisema. "Sitaki Mama Annick aniambie. Iko mwanamke?"

"Hakuna mwanamke, mpenzi. Naapa."

"Basi iko nini?"

"Amini tu."

"Niamini nini, Méthode? Nipe kitu nikiamini."

"Siku moja utajua, na utafurahi."

Akasikia cherehani inapigwa kwa nguvu, tarara tarara, kama mtu anashona jiwe. "Ulinikuta na msiba mmoja," Orpha alisema. "Umeniongezea." Simu ikakatwa, na aliporudia kupiga haikupokelewa tena.

Wiki zilipita hivyo. Méthode alikonda, mkanda wa yunifomu ukaingia matundu mapya. Jumatano aliendelea kwenda Diepsloot na hakumwambia Marcellin chochote. Jumapili alikaa benchi la nyuma na kuona shingo ya Orpha mbali mbele, imenyooka, haigeuki.

Halafu alasiri moja ya katikati ya wiki ya kazi, sinema ikiwa karibu tupu, mwanamke wa gauni la kitenge cha njano alinunua tiketi ya Ngome. Méthode alikuwa akichana tiketi za ukumbi mwingine, hakumwona akiingia. Alimwona akitoka, wa mwisho, macho mekundu, amekumbatia mkoba kama ngao.

"Orpha?"

"Nilitaka kujua huyo mtu unayemhubiri kuliko Petro," alisema. "Weye uliiona hii filamu?"

"Mara ngapi!"

"Katikati kuna nini?"

Méthode alijaribu kuikumbuka. Alijua mwanzo, moto wa kiwandani. Alijua mwisho, daraja. "Katikati," alisema, "nakuwa mlango wa pili."

Orpha akacheka kicheko kibaya, kisicho na furaha hata tone. "Basi ngoja nikuhubirie miye. Katikati iko yule dada dobi anayempenda. Anadhani Ngome ameungua kiwandani, amekufa. Anapiga pasi nguo za watu huku machozi yanaanguka juu ya pasi, yanachemka. Ngome anasimama dirishani na kinyago chake, anamwona. Na hawezi, Méthode. Mtu anayeweza kubeba gorofa hawezi kubeba hiyo. Anaingia, anakivua. Anamwonyesha makovu yote. Dada anamzaba kibao, kisha anamshika uso. Watu wazima walilia humo ndani. Weye ulikuwa nje unachana karatasi."

"Sasa nakuuliza, na ni mara ya mwisho. Nani yuko Diepsloot?"

Alitazama zulia lenye bisi zilizokanyagwa. Akakumbuka kiapo. Akakumbuka machozi juu ya pasi.

"Marcellin," alisema.

Orpha hakupiga kelele. Alitafuta ngazi kwa mkono kama kipofu, akaketi. Mfanyakazi wa usafi alipita na mashine yake, akawazunguka.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Anaumwa unga, lakini anapona pole pole. Alinibana niape. Alisema nikikwambia atapotea."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Pasaka." Alilirudia neno kana kwamba analionja kuona kama limechacha. "Pasaka ulinishika mkono tukamwombea. Ulisema, 'Bwana, popote alipo.' Nilisema amina. Wiki ile nilikwenda tena kuangalia maiti, Méthode! Nilifunuliwa mtu asiye na uso, nikamkagua vidole. Na weye ulikuwa umetoka kumkata Marcellin kucha!"

"Nilitaka kukusaidia bila kujisifu. Biblia yenyewe..."

"Biblia unaisoma kama unavyoona filamu. Mwanzo na mwisho, katikati uko mlango wa pili." Alisimama, na sasa sauti ilipanda mpaka muuza tiketi akageuka. "Mariamu alilia kaburini. Bwana ndiyo kwanza amefufuka, yuko na kazi ya dunia nzima na Baba anamngoja. Alimpita? Alijificha nyuma ya mti afurahie moyoni kwamba yeye ndiye? Alimwita jina lake! Hakumwambia, 'Amini tu, siku moja utafurahi.' Na Tomaso alionyeshwa mikono. Yesu wangu hana kinyago. Huyo wako simjui."

Kwa mara ya kwanza Méthode alijiona vizuri, na hapakuwa na joho lolote begani. Alikuwa mwanaume aliyemwacha mwanamke wake alie ili yeye ajisikie mtakatifu.

"Nipeleke," Orpha alisema.

Méthode alimwachia mwenzake mlango, akatoka na yunifomu. Meneja aliita, hakugeuka. Ndani ya taxi walikaa wameacha kiti kimoja kati yao. Diepsloot walipita maji machafu na maduka ya mabati mpaka mlango wa kijani uliopauka. Méthode alibisha.

Marcellin alikuwa ameketi kwenye godoro, kofia ya sweta imefunika uso. Alipoona gauni la njano, aliivuta mpaka kidevuni.

"Yaya," Orpha alisema, kama kwao Uvira wanavyomwita kaka mkubwa.

"Umekosea mtu, mama," sauti ilitoka ndani ya kofia. "Huyo ndugu yako hayuko hapa."

"Yaya Marcellin."

"Uliapa," Marcellin alimlilia Méthode. "Uliapa mbele ya Mungu!"

"Niliapa vibaya," Méthode alisema.

Orpha alipiga magoti chini, gauni na yote, akashika kofia ile kwa mikono miwili. Marcellin aliing'ang'ania. Walivutana hivyo, kama watoto wanaogombea shuka, mpaka vidole vya Marcellin vikaachia. Uso ulikuwa wa mzee. Orpha alimzaba kibao kimoja. Kisha akaushika uso ule, akautazama kwa karibu sana, kama anavyotazama mshono.

"Toka nje," alimwambia Méthode bila kugeuka.

Alitoka, akasimama mlangoni, mlinzi kama kawaida. Alisikia kilio cha watu wawili nyuma ya bati, na hakukuwa na utamu wowote.

Orpha alimchukua kaka yake siku ile ile. Alimlaza chumba cha cherehani, akampeleka kliniki, akamfungia mlango alipotaka kukimbia, akamfungulia alipoomba msamaha. Alikimbia mara moja. Alirudi mwenyewe. Méthode alipiga simu, hazikupokelewa. Meneja alimpa onyo, akamhamishia maegesho ya magari. Mtu wa boksi alitupwa kwenye takataka filamu ilipoondolewa, na Méthode alimwona pale, kinyago kimelowa mvua. Alimpita.

Jumapili moja baada ya hapo Méthode alikuwa kwenye benchi lake la nyuma. Ibada ilikuwa imeanza, kwaya inaimba, mlango ukafunguliwa. Aliingia Orpha na gauni lile jeupe. Nyuma yake aliingia mwanaume mwembamba, suruali imekunjwa kwa pini, anatazama sakafu. Mtu mmoja alimtambua, kisha wote. Kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Mama Annick alishika kilemba kwa mikono miwili.

"Diepsloot," Orpha alimwambia alipompita, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Uji ulikuwa wake."

Mama Annick alivuta miguu yake ndani ya benchi, akawapisha.

Orpha hakwenda upande wa wanawake. Alikuja mpaka benchi la nidhamu, upande wa wanaume, ambako mwanamke hajawahi kuketi tangu gereji ile igeuzwe kanisa. Mzee wa mlangoni alinyoosha mkono kumzuia, akaurudisha.

"Sogea," Orpha alisema.

Méthode alisogea. Marcellin aliketi katikati yao. Mikono ilikuwa inamtetemeka juu ya magoti, jasho limejaa mdomoni, na hakuna aliyejua kama ataimaliza ibada, achilia mbali mwaka. Orpha aliushika mkono mmoja. Alimtazama Méthode mpaka naye akaushika wa pili.

"Sijakusamehe," alinong'ona juu ya kichwa cha kaka yake.

"Najua."

"Ukinificha tena kitu, hata chumvi imekwisha, naondoka."

"Nimesikia."

"Na filamu utaiona nzima. Nitakaa kando yako nikushike shati."

Pasta Pacifique alipofika kwenye matangazo, alisoma ya mazishi, akasoma ya kikundi cha akina mama, akakunja karatasi. Ndipo Orpha aliposimama kutoka benchi la aibu, mkono wake bado ndani ya mkono wa Marcellin.

"Pasta," alisema, "kuna tangazo letu moja halijasomwa. La tatu."

Gereji nzima iligeuka nyuma. Pasta alimtazama Marcellin, akamtazama Méthode, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa na kulia wazi wazi mbele ya watu wote, bila kujifunika uso. Akaifungua tena karatasi.